Changu wa Baridi

Samaki yule nilimchukua mimi. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, mara chache kwa maneno, mara nyingi kwa kunyamaza, na mwezi uliopita nililikana tena nikiwa nimekaa zuliani katika nyumba ya matanga huko Hounslow, London, sahani ya biriani mapajani. Ami Seif alikuwa amezikwa juzi yake. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa, wanawake tumeshahamia kwenye chai na ule umbea wa heshima unaoruhusiwa juu ya marehemu, na binti yake Rayya, ambaye nilimwacha mtoto wa miaka tisa na sasa ana miwani ya kusomea, akaanza kuwasimulia wageni jinsi baba yake alivyofukuzwa kwenye chama cha wavuvi wa Kizungu kwa sababu ya kula samaki. Aliisimulia vizuri, nusu kwa Kiswahili cha mama yake, nusu kwa Kiingereza cha huku, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi waliyokuwa wameyatoa kwa sababu nyingine. "Da Salma, si ulikuwa unakaa kwetu wakati ule?" akanigeukia. "You must remember." Nikasema nakumbuka kidogo tu, maana siku zile nilikuwa chuoni sana. Chuoni sana! Mwaka ule nilihudhuria mihadhara kwa kiasi ambacho mwalimu wangu mmoja, aliponiona mwezi wa Machi, alinikaribisha London.

Nilikuwa nasoma sheria, fani niliyoiacha baadaye kwa manufaa ya umma, na nilipanga chumba cha juu kwa Ami Seif na mkewe Bi Zuwena kwa sababu kilikuwa rahisi. Kilikuwa rahisi kwa sababu ndege zilipita juu ya paa lao zikielekea kutua, chini kiasi cha kuhesabu matairi. Katika nyumba ile watu walijifunza kukata sentensi katikati, kusubiri ndege ipite, kisha kuiendeleza pale pale ilipoishia, bila kupoteza hata hasira. Bi Zuwena alikuwa akifanya kazi katika jiko la kupakia vyakula vya ndege, na kabati lake lilijaa vilivyobaki ambavyo waliruhusiwa kuondoka navyo: vipakiti vya chumvi na pilipili manga, siagi za kumpaka mwanasesere, jamu za kulamba mara moja. Tulikula wali wa nazi kwa vijiko vya plastiki kama abiria wa safari isiyofika. Ami Seif alikuwa mpakia mizigo uwanjani. Alirudi kila siku na mgongo wake kana kwamba ni mzigo mmoja zaidi aliosahau kuushusha, akakaa kwenye kiti karibu na hita, na hakusema kitu mpaka chai ya pili. Kuhusu Unguja alikuwa na neno moja tu, "tulipohama," na akishalisema hulifunga kama mtu anayefunga dirisha la chumba kisichotumika.

Ila Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alfajiri ya Jumamosi alipakia fimbo zake za kuvulia kwenye gari, chupa ya chai, mkeka wa kuswalia na viti viwili vya kukunja, akaenda kwenye ziwa lililokuwa mwendo wa dakika ishirini hivi kutoka nyumbani. Nasema ziwa kwa adabu. Lilikuwa shimo walilochimba kokoto zamani, likajaa maji, miti ikaota kandokando, na chama kidogo cha wavuvi kikaweka uzio, kibanda cha mbao, birika na kanuni. Ami Seif alikuwa mwanachama wa miaka sita, mgeni wa kwanza na wa pekee. Alikuwa na kadi yenye picha yake na muhuri, nayo aliiweka katika mfuko wa shati upande wa moyo. Kibandani palikuwa na ubao wenye majina ya waliovua samaki wakubwa kuliko wote wa kila aina, yameandikwa kwa rangi ya dhahabu, na katibu wa chama, mzee mmoja fundi bomba mstaafu aitwaye Derek, alikuwa amemruhusu kuswali adhuhuri ndani ya kibanda hicho. Mwanachama mmoja aliponung'unika, Derek alimwambia akanung'unikie nje. Na kanuni ya kwanza kati ya zote, ile iliyopigiliwa mlangoni, ilikuwa hii: kila samaki anayevuliwa lazima apimwe, asifiwe, kisha arudishwe majini akiwa hai.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomchosha Bi Zuwena. Mwanamke wa Unguja anaweza kuvumilia mume mvuvi na anaweza kuvumilia mume asiye mvuvi, lakini mume anayetoka alfajiri kwenda kuvua, akarudi magharibi ananuka samaki na mikono mitupu, huyo hana mahali katika elimu aliyolelewa nayo. "Unamtoboa kiumbe wa Mungu mdomo," alikuwa akimwambia, "unamkumbatia, unampiga picha, kisha unamwambia nenda kauguze. Hata paka hafanyi hivyo, Seif." Naye hujibu taratibu, akivua viatu: "Ndiyo desturi yao, Zuwena. Wamenifungulia mlango wao, nami nimeingia kwa kanuni zao." Ndege hupita. Bi Zuwena husubiri. "Mlango wa kibanda," humalizia.

Mimi nilianza kufuatana naye mwezi wa Desemba, si kwa mapenzi ya uvuvi bali kwa mapenzi ya hita ya gari lake, iliyofanya kazi kuliko ya chumbani kwangu. Nilibeba kitabu cha Sheria ya Ushahidi nikakisoma kitini ukurasa ule ule. Yeye alivua aina moja tu ya samaki majira yale: samaki mwenye mgongo wa nundu, milia myeusi ubavuni na mapezi mekundu kama mdomo wa bibi harusi. Waingereza wanamwita perch. Ami Seif alimwita changu wa baridi, ingawa hakuwa na udugu wowote na changu, kwa sababu mtu wa pwani lazima ampe samaki jina la nyumbani kabla hajamheshimu. Nilimuuliza inakuwaje avue kwenye baridi kali vile, wakati samaki wote wa akili wamelala. Akanionyesha shakwe. Walikuwa wamekusanyika juu ya sehemu moja ya maji, wanashuka, wanadonoa, wanapanda. "Pale dagaa wanakufa," akasema.

Nikaja kujua kwamba hilo hutokea kila mwaka. Baridi ikikaza siku kadhaa mfululizo, samaki wadogo wa mwaka ule, ambao hawakuwahi kunenepa kabla ya majira kugeuka, huanza kudhoofika. Hawafi kwa pamoja. Mmoja hulala ubavu, hutikisika, huzama kidogo, hujaribu kuogelea tena, huchoka. Ukitazama kwa karibu ukingoni unawaona kama vipande vya bati vinavyozimika kimoja kimoja. Na chini yao, kwenye kina chenye giza, wakubwa wametulia. Nao wamechoka kwa baridi, hawana nguvu za kumfukuza yeyote, wanangoja kinachoanguka. Kwa hiyo Ami Seif alifunga chambo cha bandia, kisamaki cha mpira kisichozidi kidole, akakirusha ng'ambo ya shakwe, kisha hakufanya kitu. Ilikuwa sanaa yake yote. Alikiacha kianguke. Baada ya muda alitikisa ncha ya fimbo mara moja, kama mtu anayekohoa msikitini, akakiacha tena. Aliponipa mimi fimbo, nilivuta. "Pole pole, yakhe!" akasema. "Weye unavuta kama unateka maji kisimani. Mfanye mgonjwa. Aliyechoka hakimbii." Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi, na nimeitumia katika insha zaidi ya moja bila kumtaja mwenyewe, jambo ambalo nadhani linaingia katika hesabu ile ile ya samaki.

Mwezi wa Januari wanawake walikuja kwa Bi Zuwena Jumapili moja kusoma maulidi. Nilikuwa jikoni napanga vileja kwenye sahani, na mlango wa sebule ulikuwa wazi. Nikamsikia Bi Shemsa, shoga yake wa tangu utotoni, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia vitambaa. "Zuwena, eti mumeo bado anaogesha samaki?" Wakacheka. "Anawaogesha," akajibu Bi Zuwena, naye akicheka, "na akishawakausha, mvua ikinyesha huwafunika." "Basi mwambie akawaozeshe pia, maana mahari yao anayo, ile kadi!" Kicheko kikapanda mpaka ndege ikaja ikakifunika, na ilipopita walikuwa wameshahamia kwenye habari ya mtu mwingine. Bi Zuwena aliingia jikoni kuchukua sahani. Alisimama mbele ya sinki, akakiosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa, akakiosha tena. "Mwanangu," akasema bila kugeuka, "siku moja tu. Siku moja tu angeingia na samaki mlango huu, nikampika, nikawaita hawa hawa wakaja wakala. Nisingesema neno jingine mpaka Kiyama."

Ningependa kuandika kwamba nilifanya kwa ajili yake. Kwa miaka mingi, kila nilipojisomea kesi yangu mwenyewe usiku kichwani mwangu, hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo ya utetezi. Lakini ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa Tanga, sikuwa nimekula samaki aliyekufa siku ile ile tangu nilipopanda ndege, na nilikuwa nimechoka. Nilichoka na baridi, na giza la saa kumi jioni, na kuwa mtu wa kuchekesha katika Kiingereza kisichochekesha. Nilimtamani samaki mwenye kichwa. Mapenzi kwa Bi Zuwena yalikuja kama kachumbari, pembeni.

Jumamosi iliyofuata barafu nyembamba ilikuwa imeshika ukingoni, na shakwe walikuwa wengi kuliko siku zote. Karibu na adhuhuri mshipi wa Ami Seif ukaenda pembeni, taratibu, bila kishindo, na fimbo ikainama ikabaki imeinama. Alipomtoa majini niliweka kitabu chini. Alikuwa changu wa baridi mnene kama mkono wa mpishi, nundu yake imepanda, mapezi yamesimama. Ami Seif alimtazama, akatazama kibandani, nami nilijua anafikiria nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeusoma ule ubao. Lakini uzito hauandikwi bila katibu kupima mwenyewe, na Derek alikuwa amekwenda dukani kununua maziwa. Basi akamtia samaki katika kimia kirefu cha kumhifadhia hai majini, akaufunga mdomo wa kimia kwa kamba. "Mwangalie, mwanangu," akaniambia. "Naswali mara moja, narudi." Alikwenda kibandani akitembea kama mtu asiyekuwa na mgongo unaouma.

Sikufikiri sana. Watu husema hivyo wakitaka kupunguziwa adhabu, lakini mimi nilifikiri kidogo, na huko kudogo kulikuwa kubaya zaidi. Nilifungua kamba. Nilimtoa samaki kwa mikono miwili, nikamfunga katika mfuko wa plastiki na skafu yangu ya sufu, nikamtia kwenye begi la mgongoni pamoja na Sheria ya Ushahidi. Kisha, na hapa ndipo masomo yangu yalipozaa matunda, nikarudisha kimia majini mdomo ukiwa umelegezwa nusu, kama uliofunguka wenyewe.

Ami Seif alirudi, na nyuma yake Derek, na mizani, na kamera. Ami aliinua kimia. Maji yakachuruzika. Aliendelea kukiinua mpaka ncha ikaonekana, akakigeuza, akatazama ndani kama anayetafuta ufunguo. Nami nilisimama pale nimevaa begi, na samaki, ambaye sikujua kwamba kwenye baridi hafi haraka, alinipiga teke mgongoni. Mara moja, kwa nguvu, katikati ya uti. Derek alikuwa akiniuliza nimeona nini. Nikasema sikuona kitu, nilikuwa nasoma. "Labda ametoka mwenyewe, Ami," nikasema kwa Kiswahili, na samaki akanipiga tena, pole pole zaidi. Derek aliitazama kamba, akamtazama Ami Seif, akatazama chini. Alisema kwa upole kwamba wenzake wangesema maneno ya samaki kupelekwa jikoni, kwamba baadhi yao walikuwa wakisubiri miaka sita kuyasema, na kwamba kamati ingepaswa kukaa. Angempigia simu. Tulirudi nyumbani bila kuwasha hita, kwa kuwa Ami hakukumbuka na mimi sikuthubutu kumwambia.

Bi Zuwena nilimwambia samaki ni wa dukani, wa Southall. Alimfungua kwenye skafu, akamwinua shavu kwa kidole cha gumba, akaona wekundu ndani. Bi Zuwena alikuwa mtu wa Malindi ya Unguja, alizaliwa jirani na soko la samaki. "Huyu hajaonana na barafu," akasema. Akanitazama kwa muda wa ndege moja. "Haya. Wa Southall." Akatoa ndimu. Alimpaka tangawizi na thomu, akamkaanga kidogo, akamwingiza kwenye tui zito, na nyumba ile iliyokuwa ikinuka zulia na hita ikanuka kwao. Aliimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Rayya aliyekuwa akitazama televisheni alikuja mlangoni akauliza kwa Kiingereza ni sikukuu gani leo.

Tulikaa kula. Ami Seif alimega tonge la kwanza, akalichovya, akachukua kipande cha mgongoni, akatafuna. Samaki wa maji yale ana ladha ya udongo chini ya tui, kidogo tu, kama neno lililosemwa chumba cha pili, na ana miiba ya pembeni ambayo hakuna samaki wa Southall aliyekuwa nayo. Nikamwona akiacha kutafuna. Akatoa mwiba mmoja mdomoni, akautazama, akauweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu. "Samaki wa wapi huyu?" "Wa Southall, Ami," nikasema. Bi Zuwena akainamia wali wake. Ami Seif akaendelea kula. Alikula kipande chake chote, akaomba mchuzi, akamwambia mkewe mkono wake bado ni ule ule, na uso wa Bi Zuwena ukafunguka kiasi ambacho ilinibidi nitazame pembeni. Kisha akainua kichwa cha samaki kwa mkono wa kulia, akakiweka katika sahani yangu. "Kichwa ale aliyeleta," akasema.

Nilikila. Nilikila chote, macho na mashavu, na kilikuwa kitamu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumweleza mtu vizuri.

Siku nne zilipita. Kila asubuhi niliandaa maneno nikishuka ngazi, na kila asubuhi yeye alikuwa ameshatoka kwenda zamu ya kwanza, na jioni alikuwa amechoka mno kuambiwa kitu, au ndivyo nilivyoamua. Alikaa na kadi yake mezani, akiigeuza. Nilijiambia kwamba ushahidi hautoshi, kamba ile inaweza kulegea, kamati itamwonea huruma, yote yatapita bila mimi. Nilikuwa nasubiri kitu kianguke chenyewe.

Alhamisi, baada ya chai, simu ikalia kwenye ukumbi chini ya ngazi. Nilikuwa nashuka; nikasimama katikati. Ami Seif alipokea. Derek alikuwa mmoja wa wale wanaoamini simu inahitaji kusaidiwa kwa sauti, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Kamati imekaa, alisema. Wawili walitaka afukuzwe, watatu hawakutaka. Wamekubaliana jambo moja tu: Seif ni mtu wa kweli, miaka sita hajawahi kumdanganya mtu. Akisema samaki alitoroka, basi alitoroka, na habari imekwisha, na Jumamosi birika litakuwa motoni kama kawaida. Alisema hivyo akicheka kidogo, kama mtu anayekushikia mlango kwa mguu. "So just tell me he got away, Seif, and that's that."

Ami Seif aliinua macho akaniona. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua kwamba nilikuwa na mdomo, na kwamba hatua zilizobaki mpaka kwenye simu ile zilikuwa saba.

"No, Derek," akasema, kwa Kiingereza chake cha uwanjani, polepole, kila neno limefungwa kamba. "Hakutoroka. Ameliwa nyumbani kwangu. Na mimi nimemla."

Kisha Derek akauliza, kwa sauti iliyopungua mpaka nikalazimika kusikiliza: ni yeye mwenyewe aliyemchukua?

"Nyumba ni yangu," akasema Ami Seif. "Kadi nitaileta mwenyewe."

Derek akasema kitu ambacho sikukisikia, kisha akauliza jambo la mwisho. Yule msichana aliyekuwa naye siku ile, yeye anajua chochote?

Ami Seif alikuwa bado ananitazama. Hakunikasirikia. Ningekuwa na nafuu kama angenikasirikia. Alikuwa amechoka tu, kama jioni zote.

"Yule ni mtoto," akasema. "Alikuwa anasoma."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nikabaki pale ngazini, kimya, mpaka akaweka simu.